Kuchora mbwa wa watu kwa oda, hatua kwa hatua

Kazi hii huanza na ujumbe wa WhatsApp. Mara nyingi ujumbe wenyewe ni picha moja ya mbwa aliyelala chini ya kiti, imepigwa usiku, na chini yake maneno mawili: "Bei gani?" Wachoraji wengi hujifunga hapo hapo. Wanataja bei, wanapokea kianzio, wanaingia kwenye rangi, kisha siku ya makabidhiano mteja anaitazama kazi safi kabisa na kusema, "Ni mzuri sana, ila siye yeye."

Ukishaambiwa "siye yeye" huna pa kukatia rufaa. Mtalii akinunua picha ya simba, hajui simba yule alikuwa na kovu wapi. Akiona simba kakaa vizuri, analipa na kuondoka. Mwenye mbwa anaujua uso ule kwa kuuona kila siku getini. Ndiyo maana nusu ya kazi, na pengine zaidi, inafanyika kabla brashi haijalowa. Ninayoandika hapa ni utaratibu wangu wa Dar es Salaam. Natumia akriliki zaidi, mafuta mara chache, na wateja wangu ni familia za Mbezi Beach na Masaki, wageni wa mashirika, na Watanzania walio nje wanaotaka picha ya mbwa waliyemwacha kwa wazazi.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kutaja bei

Jina la mbwa, umri, yupo hai au amekufa, picha ni yako au ni zawadi, itatundikwa wapi. Hayo yanaulizwa haraka. Swali lenye faida kuliko yote ni hili: akikuona unarudi nyumbani, anafanyaje?

"Shikamoo mama. Huyu Popi alikuwaje akikuona?"

"Marahaba mwanangu. Popi hakuwa mtu wa kurukaruka. Alikuwa anakaa pale getini, ananiangalia kama ananidai."

"Na masikio yake?"

"La kulia lilisimama. La kushoto halikuwahi kusimama, hata ukimwita kula."

Katika picha zote alizonitumia mama huyu, Popi alikuwa amelala na masikio yote mawili yameanguka. Bila mazungumzo yale ningechora mbwa mwenye usingizi. Kumbe mteja alikuwa anamtaka mbwa aliyekaa wima, mdomo umefungwa, macho yamekazwa kwako, sikio moja juu na jingine chini. Pozi limepatikana, na alama ya kumtambulisha imepatikana, kwa maswali mawili.

Kwa watoto wa mbwa, uliza kama wanamtaka alivyo leo. Masikio ya jamani sheped huchukua miezi kadhaa kusimama, na rangi ya manyoya hubadilika anapokua, kwa hiyo picha ya leo baada ya mwaka itakuwa ya mbwa mwingine. Wengine wanataka hivyo hasa; muhimu waseme wenyewe. Kwa mbwa mzee, uliza kuhusu mvi za mdomoni. Sijawahi kukutana na mteja aliyetaka nizifute, lakini wachoraji wanaopenda kupendezesha huzifuta bila kuuliza, na hapo wamemchora mbwa asiyejulikana nyumbani kwake.

Hatua ya 2: Pata picha zinazofaa

Usichore kwa picha mbaya kwa sababu tu mteja hana nyingine mkononi. Kama mbwa yupo hai, mpe mwenyewe maelekezo, naye atafurahia kazi hiyo.

Mbwa akae kivulini penye uwazi: barazani, chini ya mwembe, au ndani karibu na dirisha. Jua la saa sita mchana linashuka wima, macho yanazama kwenye giza na juu ya kichwa rangi yote inaungua. Baada ya saa kumi alasiri mambo huwa afadhali. Mbwa mweusi apigwe siku ya mawingu, vinginevyo utapata umbo jeusi lenye ulimi.

Simu ishuke hadi usawa wa macho ya mbwa. Anayepiga amesimama wima anapata kichwa kikubwa juu ya vijiguu. Pia asisogee sana. Lenzi ya simu ikiwa karibu huivimbisha pua na kuyarudisha masikio nyuma, na ukinakili hivyo utakuwa umenakili kosa la lenzi. Arudi nyuma kama mita 2, kisha avute kwa zumu ya mara 2. Flashi izimwe. Nyuma ya jicho la mbwa kuna tando linalorudisha mwanga, ndilo linalofanya macho yake yawake barabarani usiku. Flashi ikipiga hapo, rangi ya jicho imepotea na kubaki duara la kijani au njano.

Masikio na umakini hupatikana kwa watu wawili. Mmoja ashike simu, mwingine asimame nyuma yake na kukunja chupa tupu ya maji au kufungua pakiti ya biskuti. Utapata sekunde chache tu, kwa hiyo apige mfululizo. Na asimwite mbwa kwa jina, maana atakuja.

Omba uso kwa mbele, uso ukiwa umegeuka kidogo, pande zote mbili, mwili mzima, na jicho kwa karibu. Omba pia moja ambayo mbwa yupo kando ya karatasi nyeupe. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama simu imegeuza rangi kuwa ya njano au ya buluu. Zote zitumwe kama dokyumenti, kwa sababu WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kula manyoya yote.

Mbwa aliyekufa ni habari nyingine. Hapo omba kila kilichopo, hata picha ya harusi ambayo mbwa amepita nyuma. Kisha chagua moja iwe mkubwa wa wenzake: mwanga na pembe ya kichwa vitoke humo tu, nyingine zikusaidie kwa rangi na alama. Ukichukua jicho la picha hii na pua ya picha ile, mwanga unatoka pande mbili na uso unavurugika bila mtu kujua kwa nini. Kama picha zote ni ukungu mtupu, sema ukweli na upendekeze mchoro mdogo wa penseli, ambao hauhitaji undani mwingi. Mteja mwenye msiba hatakuchukia kwa kukataa. Atakuchukia kwa kumletea mbwa mwingine.

Kumchora mbwa akiwa mbele yako kunawezekana, ila si kwa kazi yote. Mchoraji wa Uingereza David Hockney alipowachora mbwa wake Stanley na Boodgie miaka ya 1990, aliacha vifaa vya kuchorea tayari sehemu mbalimbali za nyumba, kwa sababu mbwa hatulii. Ukienda kutafuta brashi, ameshaondoka. Hao walikuwa mbwa wake na nyumba yake. Wewe nenda kwa mteja na daftari, chora michoro ya haraka, andika rangi ya macho, angalia anavyokaa, nusu saa inatosha.

Na kama unakaa uswahilini, jiandae kuulizwa na majirani mambo ya najisi. Mimi ni Mwislamu, na kwetu wafuasi wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa yana josho lake linalojulikana, mara saba na mojawapo kwa udongo. Nawajibu kwamba nafanya kazi na picha za simu, na simu hairambi. Kuhusu kuchora viumbe wenye roho, wanazuoni wana maneno yao na kila mchoraji amejipima mwenyewe. Huo si mjadala wa kuumaliza barazani.

Hatua ya 3: Chagua mtindo, na usiudharau wa nyumbani

Mteja wa kigeni anayetaka mbwa wake achorwe kama fotografia anaweza kumpata mchoraji kwao. Kile asichokipata kwao ni mbwa wake katika mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza hapa Dar mwaka 1968, akipaka rangi za kung'aa za dukani juu ya vipande vya hadibodi, na wanafunzi wake na wa baada yao wamechora kila mnyama wa porini. Mbwa wa kufugwa hawajamchora sana. Nimeshapokea oda za namna hiyo na ni kazi tamu: usuli wa rangi moja iliyopandana na nyingine, mistari safi, mabaka ya mbwa yakiwa pambo. Ugumu uko pale pale. Hata kwenye Tingatinga, sikio la Popi lazima lianguke.

Mwonyeshe mteja mifano miwili au mitatu ya kazi zako, achague, mwandike.

Hatua ya 4: Bei na makubaliano

Jumlisha vifaa, siku za kazi kwa ujira ambao usingeona haya kumlipa fundi mwenzio, fremu na usafiri. Usipandishe bei kwa kuangalia geti. Wenye mbwa hukutana kwa daktari wa mifugo na ufukweni Jumapili, wanaambiana, na ukishajulikana kuwa na bei mbili hakuna atakayeamini hata moja.

Weka saizi tatu tu, kwa mfano sentimita 30 kwa 40, 40 kwa 50, na 60 kwa 80. Mbwa wa pili kwenye turubai moja huongeza zaidi ya nusu ya bei, kwa sababu nyuso mbili zinapaswa kufanana na wenyewe na pia kukaa kwenye mwanga mmoja. Utasikia, "Kaka, si mbwa tu huyu?" Jibu lake ni kupunguza saizi. Bei ya saizi ibaki ilivyo.

Nusu ilipwe kabla, kwa simu, na usinunue hata tyubu moja kabla haijaingia. Kisha tuma ujumbe mmoja wenye kila kitu: saizi, picha mliyokubaliana, usuli, tarehe, kilichobaki kulipwa, na masahihisho ni mara mbili bila malipo. Ongeza swali kama unaruhusiwa kuionyesha kazi mtandaoni. Zawadi ya siku ya kuzaliwa ikionekana Instagram kabla ya siku yenyewe, umeharibu. Na kama picha mliyokubaliana imepigwa na mpiga picha wa kulipwa, mteja aombe ruhusa yake.

Misimu ni miwili. Desemba ni ya zawadi. Mwezi wa 6 shule za kimataifa zinafunga, familia za kigeni zinahama, na kila mmoja anakumbuka mbwa wiki moja kabla ya ndege. Waandikie wateja wako wa zamani mwezi wa 4.

Hatua ya 5: Turubai na mchoro wa penseli

Turubai za dukani zikikushinda bei, kitambaa cha marekani kizito kilichovutwa vizuri kwenye fremu ya mbao kavu kinafaa. Paka gesso, yaani rangi nyeupe ya msingi, mara 2 au 3, kila tabaka likikauka pitisha msasa laini. Usitumie rangi ya ukuta kama msingi. Haikutengenezwa kukunjika na kuvutwa. Baada ya hapo futa juu yake rangi nyembamba ya kahawia. Turubai nyeupe inakudanganya: kila rangi utakayoweka itaonekana nyeusi mno.

Gawanya picha na turubai kwa miraba inayolingana, kisha hamisha vipimo vikubwa tu: umbali kati ya pembe za ndani za macho, kutoka macho hadi ncha ya pua, upana wa fuvu, mahali masikio yanapoota. Kichwa kiwe kidogo kuliko cha kweli, na uache nafasi zaidi upande anaoangalia. Pindua turubai na picha juu chini ulinganishe tena. Makosa yanayojificha ukitazama sawasawa hujitokeza hapo.

Hapa pana mtego wa mji wetu. Mbwa wengi tunaoambiwa ni jamani sheped au labrado wamechanganyika na wa kienyeji. Pua imechongoka zaidi, kifua ni chembamba, masikio yameamua yenyewe. Mchoraji aliyezoea mbwa wa intaneti huyarekebisha hayo bila kujijua, anamrudisha mbwa kwenye uzao safi ambao hajawahi kuwa nao. Pima kilichopo.

Hatua ya 6: Rangi

Anza na macho, kwa sababu yakikataa hakuna haja ya kuendelea. Weka kwanza ukingo mweusi wa kope, kisha mduara wa kahawia. Sehemu ya juu ya mduara huwa na giza kwa kivuli cha kope, na mwanga hukusanyika chini, upande unaokabili nukta ya kung'aa. Mboni ni ya duara. Nukta ya kung'aa iwe moja kila jicho, upande mmoja kwa macho yote mawili, na iwe na buluu kidogo kama mbwa alikuwa nje, kwa maana ni anga inayoonekana pale. Weupe wa jicho uwe kidogo sana. Mbwa anayeonyesha weupe mwingi ana hofu, na mwenye mbwa atahisi hivyo hata asipoweza kueleza.

Pua si nyeusi. Juu yake inashika mwanga wa anga, katikati ina mstari, chini inaingia kivulini. Nyeusi halisi ibaki ndani ya matundu.

Manyoya yachorewe ramani kabla ya kupakwa. Tia vimshale vya penseli: yanaanzia puani kupanda juu kati ya macho, yanagawanyika kwenye paji, yanakwenda nyuma na chini mashavuni, na kifuani mara nyingi hukutana na kufanya mzunguko. Halafu paka maeneo makubwa: giza, kati, mwanga, kwa brashi pana, bila unywele hata mmoja. Ukirudi nyuma hatua tatu na kumtambua mbwa tayari, uko salama. Nywele moja moja ziwekwe mwisho, kwenye kingo za umbo na pale mwanga unapopakana na kivuli. Mbwa mwenye manyoya mafupi karibu hazihitaji. Anayechora kila unywele anapata zulia.

Nyeusi ya mbwa mweusi ichanganywe kwa buluu ya ultramarini na kahawia ya amba iliyochomwa. Kivulini iegemeze kwenye buluu, juani iegemeze kwenye kahawia. Nyeusi ya tyubu haikupi njia hizo mbili. Kwa mbwa wa rangi ya kahawia ya mchanga, kama wengi wetu tulivyokua nao, tumia oka ya njano, siena iliyochomwa na nyeupe, na kivuli chake usikifanye kwa nyeusi: nyeusi ikikutana na njano hutoa kijani cha uchafu. Mbwa mweupe ni wa kijivu, krimu na buluu, na nyeupe tupu unaiweka sehemu chache mno.

Akriliki kwenye joto letu hukauka ukiwa bado unafikiria. Zima feni inayopuliza turubai, kaa na chupa ya kunyunyizia maji, na weka rangi juu ya karatasi ya kuokea iliyolala kwenye sponji lenye maji. Kumbuka pia akriliki ikikauka hugeuka nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo changanya kwa kuzidisha mwanga. Kwa rangi za mafuta sheria ni moja: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na mengi, la sivyo uso utapasuka. Amba hukauka haraka na inafaa chini. Nyeupe ya titani huchelewa.

Sharubu zipakwe mwisho kabisa, rangi nyepesi, brashi ndefu nyembamba, mkono mmoja bila kusita. Chache.

Jina la mbwa kwenye picha si ushamba kama baadhi ya wachoraji wanavyosema. Mchoraji Alexandre-François Desportes alipowachora mbwa wa uwindaji wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, Bonne, Nonne na Ponne, mwaka 1702, aliyaandika majina yao kwa dhahabu. Mteja akitaka, andika. Mabawa ya malaika na ngazi ya mawinguni ndiyo mimi sichori.

Hatua ya 7: Mwonyeshe mteja

Piga picha ya kazi mchana, kivulini, uitume kabla ya sharubu na vanishi. Usiulize "umependa?" maana wengi watasema ndiyo kwa adabu, na kuinyamazia picha hiyo maisha yote. Uliza, "Kuna kitu chochote usoni kinakukera?" Akisema siye yeye lakini hajui kwa nini, pima kwa mpangilio huu: umbali kati ya macho, urefu kutoka macho hadi pua, mahali sikio linapoota. Mara nyingi ni milimita mbili au tatu, na mara nyingi ni kwenye macho.

Hatua ya 8: Vanishi, kufunga, kusafirisha

Akriliki iache siku kadhaa kabla ya vanishi, zaidi wakati wa masika. Mafuta kwa desturi husubiri miezi 6 hivi, mwambie mteja mapema kwamba atairudisha, au umpe vanishi ya muda. Ukutani isigusane na saruji yenye unyevu. Bandika vipande vya koki kwenye pembe za nyuma ya fremu ili hewa ipite, kwa sababu ukungu wa Pwani huanzia nyuma.

Kwenye kufunga, plastiki yenye viputo isiguse rangi moja kwa moja. Akriliki kwenye joto hulainika, na mteja atafungua mzigo akute mbwa mwenye madoa ya duara. Tanguliza karatasi ya kuokea, ndipo plastiki. Picha ya kwenda nje ya nchi itolewe kwenye fremu, izungushwe rangi ikiwa upande wa nje, bila kukazwa, kwenye bomba pana la plastiki lililozibwa ncha zote mbili. Fremu atatengeneza huko huko, itamgharimu pungufu kuliko kuisafirisha.

Nyuma ya turubai andika kwa penseli jina la mbwa, jina lako, mwaka, aina ya rangi, na kama vanishi imepakwa au bado. Piga picha ya hiyo pia, uitunze pamoja na picha za awali. Wengi hurudi wakiwa na mbwa mwingine, na wanataka wawili hao wakae ukuta mmoja kwa saizi moja na mwanga unaotoka upande mmoja.